Wimbo wa Dansi Hauna Makosa

Ndugu msomaji, nimesimama mbele yako kama wakili. Ninayemtetea si mtu. Ni wimbo wa dansi. Umeshtakiwa siku nyingi katika vyumba vya walimu, katika mikutano ya wazazi na katika nyumba za watu wenye heshima, na kila mara hukumu hutolewa kabla ya ushahidi kusikilizwa. Mashtaka ni matatu. La kwanza, kwamba wimbo wa dansi huharibu lugha. La pili, kwamba huharibu tabia za vijana. La tatu, kwamba ni kitu cha kupita, kisichostahili kuingizwa darasani pamoja na tenzi na hadithi. Nayajua vizuri mashtaka haya, maana mimi mwenyewe niliyasema kwa sauti kali mbele ya wanafunzi. Leo nimehama upande, na ni haki yako kuelezwa sababu.

Ninafundisha Timboroa, mji mdogo wa baridi kando ya barabara iendayo Eldoret kutoka Nakuru. Mgeni aliyefundishwa kuwa nchi za Ikweta ni nchi za joto hushangaa akifika kwetu, maana Ikweta i karibu, na watu wamevaa makoti mazito adhuhuri, na viazi na kabichi vimepangwa kando ya njia katika ukungu. Reli iliyotoka Nakuru ikafika Eldoret mwaka 1924 ilipitishwa hapa, na kituo chetu, kilichoinuka zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, kilisifiwa kuwa kituo kilicho juu kuliko vyote katika milki ya Waingereza. Makabila mengi yamekutana katika mji huu. Baadhi yalizaliwa hapa, mengine yaliletwa na reli, msitu, mashamba na biashara. Kumbuka jambo hilo, maana nitalirudia.

Mwaka mmoja wanafunzi wangu wa kidato cha tatu waliomba ruhusa ya kuimba Sina Makosa siku ya wazazi. Walimu tulikutana, tukakataa. Mimi ndiye niliyesema maneno mengi. Nilisema kwamba wimbo ule ni wa vilabu vya pombe, na kwamba shule si kilabu. Nilipowapelekea wanafunzi majibu, mmoja wao alisimama kwa adabu akaniuliza, "Mwalimu, umewahi kuusikiliza mpaka mwisho?" Nilimtoa nje kwa ufidhuli. Jioni nilipokuwa nikisahihisha madaftari, swali lake lilinirudia, nikaona kuwa jibu la kweli lilikuwa hapana. Nilikuwa nimeusikia wimbo ule mara mia katika magari na madukani, lakini sikuwa nimeusikiliza hata mara moja. Mtoto alifukuzwa kwa kosa la mwalimu. Kesho yake nilimwomba radhi, kisha nikaanza kufanya kazi niliyopaswa kuifanya kabla ya kuhukumu.

Basi sikiliza habari za mshtakiwa. Bendi iitwayo Simba Wanyika ilianzishwa mwaka 1971 na ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson Kinyonga na George Kinyonga, ambao walikuwa wamepiga muziki kwao Tanga, kisha Arusha, kabla ya kujaribu bahati yao Kenya. Mwezi wa Novemba 1978 baadhi ya wanamuziki wao walijitenga, akiwamo Omar Shabani, fundi wa gita la rithimu, na Tom Malanga wa gita la besi. Wakaungana na John Ngereza, mwimbaji na mpiga gita aliyetoka Tanzania, wakajiita Les Wanyika. Neno la mbele ni la Kifaransa, kwa kufuata mtindo wa bendi za Kongo. Neno la nyuma ni letu, watu wa nyika. Walifanya mazoezi miezi sita kabla ya kupanda jukwaani katika kilabu cha Garden Square, Nairobi. Kisha ukatoka wimbo wa Sina Makosa, sauti ikiwa ya Issa Juma, ukasikika katika Afrika ya Mashariki yote. Paulina na Pamela ni nyimbo zao nyingine za siku zile za mwanzo. Kwa sahani yao ya kwanza, watu hawa waliokuwa hawana jina walipata jina ambalo halijasahauliwa mpaka leo.

Miezi sita ya mazoezi! Wewe mwanafunzi unayelalamika kwa kuandika insha moja mara mbili, fikiri juu ya hiyo miezi sita. Wanaosema kuwa muziki wa dansi ni kazi ya wavivu na waigizwe kwanza kwa mwezi mmoja tu.

Sasa nayajibu mashtaka, moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza ni la lugha. Kiswahili kiliingia katika nyanda zetu za juu kwa mlango mbaya. Katika mashamba ya walowezi kilikuwa lugha ya amri. Lete, chukua, ondoka, upesi. Maneno hayo yalitosha kwa bwana, na mtumishi hakutakiwa kuwa na mengine. Lugha hiyo iliyokatwa mikono na miguu iliitwa Kisetla. Baada ya uhuru kilibaki lugha ya sokoni na ofisini, lugha ya kuuliza bei na kuonyesha kitambulisho. Mambo ya moyo watu waliyasema kwa lugha za mama zao. Je, mtu wa Timboroa aliyezaliwa mbali na pwani angejifunza wapi Kiswahili cha kubembeleza, cha kuomba radhi, cha kujieleza mbele ya rafiki aliyekasirika? Vitabu vilikuwa vichache, na wasomaji wachache zaidi. Alijifunza redioni, na mwalimu wake alikuwa mwanamuziki wa Tanga.

Marehemu baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mbao. Hakumaliza darasa la nne. Lakini Kiswahili chake kilikuwa na upole ambao Kiswahili changu, pamoja na vyeti vyote vya chuo cha ualimu, hakijaufikia. Nilipomwuliza alijifunza wapi, alicheka akasema, "Kwa Wanyika." Alikuwa hasemi mzaha. Katika Sina Makosa mtu mmoja anamsemesha mwenzake aliyemghadhibikia kwa mambo ya mapenzi. Hamtukani, hamtishi wala hamkunjii ngumi. Anamsihi, anamweleza, anajitetea. Msomaji, hesabu ni mara ngapi umewasikia wanaume wawili wenye hasira wakizungumza hivyo. Lugha iliyokuja kwetu kama fimbo, bendi ya dansi ilitufundisha kuitumia kama mkono wa kusalimiana. Na wewe unasema imeiharibu? Tuonyeshe basi kitabu kilichowafikia watu wengi hivyo na kuwafundisha vizuri kuliko hivyo.

Shtaka la pili ni la tabia. Hapa sina budi kukueleza jambo la ufundi ambalo vijana wa leo hamlijui. Siku zile muziki uliuzwa katika sahani za santuri. Sahani ndogo ilichukua dakika chache tu kila upande, na nyimbo za dansi zilikuwa ndefu. Kwa hiyo ilikuwa desturi kuukata wimbo vipande viwili. Upande wa kwanza uliwekwa maneno, hadithi na shauri. Upande wa pili ukawekwa magita, wakati mwendo umechangamka na wachezaji wamesimama. Sahani kubwa ilikuja kuziweka nyimbo kadhaa pamoja, na nafasi yake iliwatosha wanamuziki kusema walilotaka kusema.

Nimekieleza kisa hiki cha sahani kwa sababu kinaonyesha kosa la washtaki wetu. Mshtaki amesikia upande wa pili peke yake. Amesikia magita usiku yakitoka katika kilabu, ameona watu wakitokwa jasho, akaondoka akiziba masikio. Wachezaji wengi nao ni hivyo hivyo. Walikunywa wakati wa upande wa kwanza, wakaamka kwa upande wa pili. Mzee anayelaani na kijana anayerukaruka wanaonekana kuwa maadui, walakini ujinga wao ni mmoja. Wote wawili hawajasikiliza maneno. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini mwanafunzi hana ruhusa ya kujificha nyuma ya methali hiyo. Wewe umekuja shuleni kutafuta maana.

Tena ulevi si mali ya wimbo. Pombe ililewesha watu kabla gita halijafika Afrika. Ikiwa wimbo uliopigwa mbele ya walevi una dhambi ya ulevi, basi na kiti walichokalia kifungwe gerezani. Sisemi kwamba kila wimbo wa dansi ni safi. Ziko nyimbo za matusi, ziko nyimbo za upuuzi, na nyingine nyingi hazina neno la kusikilizwa hata ukizichuja usiku kucha. Lakini vitabu navyo ni hivyo hivyo. Hatujafunga maktaba kwa sababu ya kitabu kibaya, tumejifunza kuchagua. Kuchagua ndiko ninakokutakia, na hakuna awezaye kuchagua katika vitu alivyokatazwa kuvijua.

Sina Makosa wenyewe una mahali pa kulaumiwa, nami nitapataja kabla mshtaki hajapataja. Wanaume wawili wanagombana kwa mambo ya mapenzi, na mwanamke mwenyewe hatumsikii. Hapewi ubeti wa kusema neno lake. Wanafunzi wangu wa kike waliliona jambo hilo siku ya kwanza tulipousikiliza wimbo darasani, na mmoja akauliza kama naye mwanamke yule hana makosa, au hana tu nafasi ya kujitetea. Tulibishana kipindi kizima, na kengele ilipolia hakuna aliyeondoka. Niambie, msomaji, ni shairi gani la kitabuni lililowahi kuwazuia wanafunzi wako au wenzako darasani baada ya kengele?

Shtaka la tatu ni kwamba wimbo wa dansi ni kitu cha kupita. Wazee husema, ngoma ya watoto haikeshi. Methali ni nzuri, lakini imeitwa kutoa ushahidi katika kesi isiyo yake. Ngoma hii imekesha zaidi ya miaka arobaini. Walioipiga kwanza wengi wamekufa. Omar Shabani amekufa, John Ngereza amekufa, na Issa Juma, aliyetoka akaunda bendi yake ya Super Wanyika, naye amekufa. Sahani za santuri zimegeuka kuwa mapambo, kanda zimekatika, na hata vyombo vilivyozirithi vimeanza kuchakaa. Wimbo ungalipo. Kijana aliyezaliwa miaka thelathini baada yake anauimba katika gari liendalo Eldoret na hajui umri wake. Kitu cha kupita hakipiti polepole namna hiyo.

Na kwa wale wasioridhika mpaka wapate ushahidi wa mtu mkubwa, nitamwita mmoja. Siti binti Saad wa Unguja alikuwa binti wa watu maskini, mwuza vyungu kutoka shamba. Alipoanza kuimba walikuwapo waliomdharau kwa nasaba yake. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kuimba katika sahani za santuri, na sauti yake ikaeneza Kiswahili mahali ambapo Kiswahili kilikuwa hakijulikani. Je, ni nani aliyekaa akaandika maisha yake? Ni Shaaban Robert, mwandishi ambaye vitabu vyake vimesomwa shuleni. Mkubwa wa waandishi hakuona haya kutumia kalamu yake kwa mwimbaji. Sisi walimu wadogo wa nyanda za juu tunaona haya gani? Naye Shaaban Robert alikuwa mtu wa Tanga, kama walivyokuwa ndugu wawili wa Kinyonga. Udongo mmoja ulimzaa mshairi na mpiga gita. Sisi ndio tuliojenga ukuta kati yao.

Nimefika mahali pagumu, na mshtaki mwenye akili ataninyanyukia hapa. Atasema, "Mwalimu, unatuambia kuwa wimbo huu umewafundisha watu wa nyanda za juu kusemezana kwa upole. Wameujua tangu mwaka 1979. Mbona basi walipigana mwaka 1992, na mwaka 1997, na mara baada ya uchaguzi wa Desemba 2007?" Swali ni la haki, nami siwezi kulikwepa, maana nilikuwapo. Nilikuwa mwanafunzi, wa umri wako wewe usomaye. Watu zaidi ya 1,100 walikufa nchini katika majuma yale, na malaki walihama makwao. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliohama.

Tulipoondoka usiku ule tuliacha kila kitu, pamoja na redio ya baba na kanda zake. Jirani yetu alikuwa mtu wa kabila jingine. Sitakutajia kabila lake wala letu, maana mambo hayo yametajwa mno katika nchi hii. Yeye na baba hawakujuana lugha za mama. Urafiki wao wote wa miaka ishirini ulikuwa wa Kiswahili, na Jumapili jirani alikuja kwetu kusikiliza muziki. Tuliporudi baada ya miezi mitano, nyumba ilikuwa haina paa. Siku ya tatu jirani alikuja na mzigo uliofungwa katika gunia. Ilikuwa redio, na kanda ilikuwa ndani. Hakusema mengi. Alisema kwamba aliichukua asubuhi ileile kabla wengine hawajaingia, na kwamba hakuipiga hata siku moja.

Mimi si mtoto, siwezi kukuambia kwamba wimbo uliiokoa redio ile. Mtu ndiye aliyeiokoa, na pengine angeiokoa hata kama ingekuwa sufuria. Wala wimbo haukuokoa paa letu. Wimbo si askari, si hakimu, wala si mbunge. Tusiutwike mzigo wa hao halafu tuulaumu kwa kuuangusha. Lakini nakumbuka kwamba jirani na baba walipokaa tena juu ya gogo, wakitafuta namna ya kuanza, walianza kwa Kiswahili, na hakikuwa Kiswahili cha amri. Walikuwa nacho. Mtu asiye na maneno ya kuomba radhi hawezi kuomba radhi hata moyo wake ukitaka.

Hapo hapo fikiri juu ya upande mwingine. Tume iliyoongozwa na Jaji Waki, katika taarifa yake ya mwaka 2008, iliyataja matangazo ya chuki ya baadhi ya redio za lugha za kikabila kuwa yalichochea fitina. Usinielewe vibaya. Lugha ya mama haina makosa, nami naisema yangu nyumbani na kuipenda. Lakini wale waliotaka kutugawanya walijua nguvu ya redio kuliko sisi tuliotaka kuunganishwa. Wao hawakudharau kitu kinachosikika katika kila nyumba. Walimu ndio tulioidharau, tukawaachia.

Tazama tena mwaka ambao bendi hii ilizaliwa. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ilivunjika. Shirika la reli lililokuwa la nchi tatu liligawanywa, na reli yetu hii ya Timboroa iendayo Uganda ikawa na mpaka katikati yake. Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya, usifunguliwe mpaka mwaka 1983. Mwishoni mwa 1978 Tanzania na Uganda zilikuwa vitani. Viongozi wenye elimu kubwa, wenye mikataba na mihuri, walishindwa kukaa chumba kimoja. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Watanzania na Wakenya walikaa chumba kimoja Nairobi na magita yao, wakafanya mazoezi miezi sita, wakatoa wimbo uliovuka mpaka uliofungwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Jumuiya ilivunjika katika karatasi. Katika sahani ya santuri iliendelea kuwapo. Hilo ndilo jambo tunaloliita la kilabu cha pombe, na kulifungia nje ya lango la shule.

Ndugu msomaji, sikuombi uache vitabu ushike gita. Mtihani u karibu, na mwanafunzi anayekesha katika dansi hulala katika somo. Hilo mwalimu wako amekuambia, nami naliunga mkono. Sikuombi hata uupende wimbo huu. Nakuomba jambo moja. Chukua wimbo wa dansi wa Kiswahili, huu au mwingine, ukae nao mahali pasipo kelele, uusikilize toka neno la kwanza hata gita la mwisho. Andika maneno yake katika daftari. Uliza nani anasema, anamwambia nani, anataka nini, na nani amenyimwa nafasi ya kusema. Ukiona ni upuuzi, sema ni upuuzi, na utoe sababu. Ukiona ni mzuri, umtetee mbele ya mwalimu wako kwa adabu, kama yule mwanafunzi alivyonifanyia mimi.

Nawe mwalimu mwenzangu, ukiulizwa swali lile, usimtoe mtoto nje. Mwaka uliofuata wanafunzi wetu waliimba Sina Makosa siku ya wazazi. Waliimba upande wa kwanza wote, polepole, kila neno likasikika, kisha wakaingia katika upande wa pili. Kulikuwa na baridi kali na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka uwanjani. Wazazi walikuwa wamekaa kama wanavyokaa siku zote, hawa upande huu na hawa upande ule. Hakuna aliyehama kiti chake, nami sitakudanganya kwamba walihama. Lakini pande zote mbili walikuwa wanayajua maneno.